Risasi Isiyo na Bunduki

"Damu yako ina risasi," daktari alisema, na hapo ndipo, msomaji, tulipomwacha Mama Pasi, kwenye kiti cha zahanati, mkono wa kulia umelala pajani kama mkono wa mtu mwingine.

Alijipapasa kifuani. Akajipapasa mbavuni. Hakuona tundu.

"Hakuna aliyenipiga risasi, daktari. Ningesikia."

Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, hakucheka.

"Si ya bunduki, mama. Risasi madini. Ile metali nzito ya kijivu, hata betri za magari zinayo. Imekuingia kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Ndiyo maana kiganja chako hakiinuki. Ndiyo maana pasi ilikudondoka."

Kwa aliyeanza kusoma leo: Mama Pasi ni dobi. Ana chumba cha kazi chenye dirisha la barabarani, na nyuma yake vyumba viwili ambamo siku hizi analala mtu mmoja tu. Kwa dirisha hilo watu humpitishia nguo chafu na kupokea safi. Anawajua wote kwa kola zao na makwapa yao. Wao wanamjua kwa mkono tu. Hivi karibuni mkono huo ulilegea, pasi ikamponyoka, shati la mtu likaungua mgongoni. Tangu hapo ananyoosha kwa mkono wa kushoto, na hakuna mteja aliyegundua.

Daktari alichukua kalamu.

"Unafanya kazi na betri?"

"Hapana."

"Rangi za mafuta? Mabomba ya zamani?"

"Nafua, nanyoosha, nakunja."

"Unakula na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Unakunywa nini?"

"Maji. Chai. Jioni kikombe kimoja cha bia."

"Ya dukani?"

"Yangu. Natengeneza mwenyewe nyumbani."

Daktari akainua macho. "Unatengenezaje? Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua hata kuchemsha maji."

Mama Pasi akaeleza, na uso ukamlainika, kwa sababu miaka ilikuwa imepita bila mtu kumuuliza chochote kisichohusu nguo. Unaloweka kimea cha shayiri kwenye maji ya moto. Unachuja. Yale maji matamu unayachemsha na hopsi, yale maua machungu ya bia, mpaka nyumba nzima inukie mkate. Unapoza, unatia hamira, unafunika, unasubiri. Sufuria ni ya stenlesi, kubwa, na chini yake ina koki ya shaba ya njano, ili bia itoke bila mtu kuinamisha.

"Hiyo koki imeshikizwa na nini?"

"Imelehemiwa."

"Na nani?"

"Marehemu mume wangu. Alikuwa fundi redio."

Kalamu ikasimama. "Marehemu aliugua nini?"

"Tumbo. Lilimkata, likaacha, likamkata tena. Akapauka. Mwisho mikono." Mama Pasi aliinua mkono wake wa kulia. Kiganja kikaning'inia. "Ikawa hivi."



"Sikumtibu, kwa hiyo siwezi kuapa," daktari alisema. "Lakini lehemu nyingi za mafundi zina risasi ndani yake. Kwenye redio haina neno, redio hailiwi. Kwenye chombo cha kupikia ni jambo jingine. Kimea kina uchachu. Uchachu unailamba lehemu kila unapopika, kila unapohifadhi. Usinywe tena hata tone. Kuna dawa ya kuitoa mwilini, nitakuanzishia." Akafungua droo, akatoa kijiti cheupe chenye ncha ya pamba. "Sugua hiki kwenye maungio. Kikigeuka chekundu, umemshika mwizi."

"Na aliyemnywesha mwenzake, daktari, anaitwa nani?"



Swali lenyewe lilikuwa na miaka mitatu. Siku ya mazishi, mdogo wa marehemu alisimama kando ya kaburi. Huyu ni mpiga mnada, na mji mzima unamwita Mnada, mtu ambaye kipaza sauti kwake ni pambo. Alisema maneno machache: "Kaka yangu hakufa. Kaka yangu amenyweshwa."

Hakutaja jina. Waombolezaji wote walijua ni nani aliyekuwa akimjazia marehemu kikombe kila jioni. Mgonjwa alikuwa amekwisha, na mjazaji alikuwa mzima. Hesabu ikajipiga yenyewe.

Mwana wao wa pekee, kijana mpima ardhi, alimtazama mama yake mara moja tu. Kisha akaokota begi lake.

Alioa bila kumwambia. Mama Pasi alizipata habari kupitia dirishani, kwa mteja aliyeleta suti. "Ya arusi ya yule mpima ardhi," mteja alisema, asijue anamwambia nani. Mama Pasi aliinyoosha suti ile kuliko nguo zote alizowahi kunyoosha. Ndivyo alivyohudhuria arusi ya mwanawe.

Na sasa alirudi nyumbani na dawa kwenye mfuko, akiwa anajua kwamba walimsingizia na kwamba walisema kweli. Hakumuua mumewe. Lakini mkono uliojaza kikombe ulikuwa huu huu.

Sufuria ilikuwa jikoni, inang'aa. Mtu asikudanganye kwamba Mama Pasi ni mlevi. Kikombe kimoja, basi, na mara nyingine hakukimaliza. Alichokipenda ni siku ya kupika. Kimea kikichemka, nyumba inanukia kama ina watu.

Alimpigia mwanawe. Simu ikaita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga tena, ikakatwa na mtu.

Alikaa mezani, akakitazama kiti cha upande wa pili.

"Redio," akasema, "umeniachia nini?"

Jina hilo alipewa kwa kazi yake tu. Kwa maneno, marehemu alikuwa redio iliyoishiwa betri. Angeweza kumaliza wiki nzima kwa "ndiyo" na "tutaona". Kiti kilimwiga vizuri. Mama Pasi akainuka, akaitia sufuria kwenye mfuko wa kubebea nguo, akakaza kamba kwa meno, kwa sababu vidole havikukubali.

Asubuhi alikuwa kwenye kibanda cha mafundi.

Humo alibaki Antena, aliyekaa benchi moja na Redio maisha yake yote ya kazi, mrefu, mwembamba, na anayenasa kila habari ya mtaa. Alipomwona Mama Pasi na mfuko wake alifuta kiti kwa kofia.

"Umeniletea mashuka? Nilale kibandani?"

"Nimeleta hii. Nataka uniambie kama mume wangu alijilehemia kifo chake mwenyewe."

Mzaha ukamkauka mdomoni. Aliitoa sufuria, akaigeuza, akamulika ndani kwa taa ya benchi. Akaingiza kidole, akapapasa pale koki inapopenya ukuta wa sufuria. Akakitoa kidole akakitazama.

"Hii si kazi ya Redio."

"Antena, usimtetee maiti. Nilimwona akiirudisha nyumbani."

"Na mimi nilimwona akiitengeneza, hapa hapa ulipokaa. Sikiliza. Waya huu tunaolehemia redio aliukataa. Alitafuta waya wa bati na fedha, usio na risasi, mpaka tukamcheka. Koki yenyewe aliilowesha kwanza kwenye siki na ile dawa ya kuoshea vidonda, kwa sababu hata shaba ya njano ina risasi kidogo usoni pake. Ilitoka na rangi ya siagi. Nikamwambia, bwana, unaoa au unatengeneza sufuria? Akaniambia, 'Mke wangu atakunywa humu.'"

Mama Pasi aliigusa ile koki.

"Alisema hivyo?"

"Neno kwa neno. Nakumbuka kwa sababu siku hiyo alizungumza."

"Sema tena."

"Mke wangu atakunywa humu."

Mama Pasi alitazama pembeni, kwenye ukuta wenye redio zilizopasuliwa matumbo, mpaka macho yalipokubali kutii. Kisha akatoa kijiti cha daktari.

Antena alisugua. Walikitazama wote wawili. Ncha ya pamba ilikaa nyeupe, ikawa ya waridi, halafu ikawa nyekundu kama mdomo uliopakwa rangi.

"Umeona bonge hili?" Antena alisema. "Lehemu ya Redio ilikuwa nyembamba kama uzi wa mshonaji. Hii imerundikwa kama kamasi iliyoganda. Hii ni lehemu ya kuzibia rejeta za magari, risasi tupu. Kuna mtu aliing'oa koki ya mumeo akaipachika upya, halafu akaipaka mng'aro kwa nje msione. Sufuria hii imewahi kutoka nyumbani kwako?"

"Haitoki."

"Fikiri."

Alifikiri. Kisha akaanza kukaza kamba za mfuko, haraka.

"Mara moja," alisema. "Iliazimwa. Na aliyeiazima ni mtu wa ndani."

Uwanja wa mnada ulikuwa umejaa makabati, vitanda na majokofu ya watu waliohama au waliofilisika. Juu ya meza alisimama Mnada, tai imelegea, sauti haijalegea.

"Kabati la milango mitatu, mabibi na mabwana. Mbao ngumu. Mchwa wameligusa wakang'oka meno. Nani anaongeza? Yule baba wa kofia ameongeza. Mama wa mwavuli ameongeza. Nani tena? Msinitazame mimi, mimi siuzwi."

Watu walicheka. Mama Pasi, nyuma kabisa, aliinua mkono.

"Haya, kuna mkono kule nyuma. Mama kule nyuma ame—"

Mkono ulikuwa juu, lakini kiganja kilikuwa chini. Kilining'inia kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyechinjwa.

Mnada alikuwa amewahi kukiona kiganja cha namna ile. Alikuwa amekishika, kitandani kwa kaka yake.

Umati ulisubiri. Baba wa kofia akaongeza mwenyewe, hakuna aliyemjibu. Wazee wa uwanja ule wanasema hawajawahi kumwona Mnada akikosa neno, na siku hiyo alishuka mezani bila kugonga nyundo.

Walikutana nyuma ya makabati, mahali ambapo vioo vya watu wengine viliwaonyesha sura zao.

"Shemeji," alisema. "Na wewe pia?"

"Na mimi pia. Ulipohamia nyumba mpya uliazima sufuria yetu. Koki ilivunjika?"

Alifungua mdomo kwa namna ya mtu anayetaka kukana. Akakitazama tena kile kiganja.

"Tulikuwa tunaishusha garini. Ikagonga ngazi. Kaka alikuwa ameringa sana na ile koki, shemeji, unamjua, hakuwa na kitu kingine cha kuringia. Nikaona aibu. Nikaipeleka kwa fundi rejeta hapo nyuma ya uwanja. Akaiziba, akaing'arisha, nikairudisha. Nikasema yamekwisha."

"Ndipo yalipoanza. Lehemu yake ni risasi. Tumeinywa, mimi na kaka yako. Yeye aliipenda bia kuliko nilivyoipenda mimi, na kazini kwake alishavuta moshi wa lehemu maisha yote. Akatangulia."

Mnada aliketi kwenye kitanda chenye kibandiko cha namba. Alikaa pale kama bidhaa ambayo haijapata mteja.

"Sikujua," alisema.

"Najua hukujua."

"Na nilisema yale makaburini."

"Uliyasema."

Miaka mitatu Mama Pasi alikuwa ameyapanga maneno ya siku hii. Aliyapanga akifua, akayapanga akinyoosha. Sasa siku ilikuwa imefika, na mbele yake alikuwa mwanamume wa makamo anayelia kwenye kitanda cha mtu aliyefilisika, na maneno yote yalikuwa hayafai. Alimwekea mkono begani, ule wa kushoto.

"Utamwambia mwanangu," alisema. "Ni hilo tu ninalotaka."

Mnada akainua kichwa, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwanao," alisema. "Shemeji, mwanao naye anayo."

"Anayo nini?"

"Sufuria. Alitaka kama ya baba yake. Bia hanywi, lakini nyumbani kwake wanatengeneza tangawizi na ndimu, humo humo inakaa, mtoto anaipenda mno. Mimi ndiye niliyemletea. Koki ya shaba. Nikampelekea fundi yule yule aipachike."

Katika sentensi zote hizo Mama Pasi alikuwa amesikia neno moja.

"Mtoto gani?"

Mnada akatazama chini. "Hukuambiwa. Una mjukuu, shemeji. Wa kike. Anatembea tayari."

Walichukua teksi. Njiani Mnada alijikohoza na kujikohoza, akifanya mazoezi kwa midomo bila sauti.

"Niachie mimi," alisema. "Usiseme neno, utamkasirisha. Mimi ananisikiliza. Kusema ndiyo kazi yangu."

Mama Pasi alikuwa anatazama nje. Alikuwa akijaribu kuwaza sura ya mtoto na alishindwa, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuanzia.

Nyumba ilikuwa na geti dogo la kijani na viatu vidogo kwenye ngazi. Mlango ulifunguliwa na kijana mwenyewe. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa na nyusi za Redio.

"Baba mdogo, karibu," alisema. Kisha akamwona aliye nyuma yake, na mkono wake ukashika fremu ya mlango. "Huyu amefuata nini hapa?"

Mnada akavuta pumzi. Mama Pasi aliyasikia mapafu yake yakijaa.

"Mwanangu," Mnada alianza, kwa sauti ile ya uwanjani. Halafu akautazama uso wa kijana, uso wa mtu pekee duniani aliyekuwa bado anamwita baba. Sauti ikashuka. "Mwanangu, mama yako amekuja... amekuja kukiri."

Mama Pasi alimgeukia. Mnada hakumtazama. Alikuwa anavisoma vile viatu vidogo kwenye ngazi kama vimeandikwa kitu.

"Basi akiri," kijana alisema. "Mke wangu yupo hapa, aseme mbele yake. Nani alimuua baba?"

Nyuma ya kijana alisimama mwanamke mwenye kitambaa cha jikoni begani. Na kutoka nyuma yake, huko ndani, Mama Pasi alisikia sauti anayoijua kuliko sauti yake mwenyewe: koki inafunguliwa, kinywaji kinamiminika kwenye kikombe, koki inafungwa. Kisha mtoto akacheka peke yake.

Angeweza kueleza. Angeanza na ngazi iliyogonga koki, akaenda kwa fundi rejeta, akafika kwa daktari na kijiti chake. Lakini mlango hufungwa upesi kuliko maelezo, na mtoto alikuwa na kikombe mkononi.

"Mimi," alisema Mama Pasi.

Mnada akafumba macho.

"Mimi ndiye niliyekuwa namjazia. Sasa nipishe."

Neno hilo kijana alikuwa amelisubiri miaka mitatu, na lilipokuja alionekana kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Mkono ulitoka kwenye fremu. Mama Pasi akapita ubavuni pake.

Jikoni, juu ya stuli, alisimama mtoto wa kike, mkono mmoja kwenye koki na mwingine kwenye kikombe cha plastiki. Alimtazama mgeni bila woga. Mama Pasi alikuwa amewaza kwamba siku akimwona mjukuu angempakata. Alimnyang'anya kikombe, akakimwaga kwenye sinki. Akaisukuma sufuria kwa viwiko, kwa kuwa kiganja kimoja hakikutosha, mpaka ikalalia ukingo wa sinki na kumwaga kila kitu. Tangawizi ikanukia nyumba nzima. Mtoto akaangua kilio.

"Unamwaga nini?" Kijana alikuwa amemshika bega. "Umekuja kwangu kufanya nini?"

"Hiyo koki ina sumu, mwanangu. Ndani, kwenye lehemu. Sufuria ya baba yako ilikuwa hivyo hivyo. Muulize baba yako mdogo."

Wote wakageuka.

Mlango ulikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na mtu. Nje teksi ilikuwa inageuza.

Kijana alimwachia bega taratibu. Alitoa simu mfukoni.

"Umekiri kwa mdomo wako, mke wangu amesikia," alisema. "Unakumbuka nilikutazama siku ile? Nilikuwa naomba useme siyo wewe. Hukusema kitu."

"Hakuna aliyeniuliza."

"Leo nimekuuliza, umejibu. Utajibu tena, kwa polisi."

Mtoto hakunyamaza. Mama yake alimbeba, akafungua jokofu, na Mama Pasi akaona kule ndani chupa zimepangwa safu kwa safu, zimejaa, rangi ile ile. Mwanamke akachomoa moja, akaanza kufungua kifuniko.

"Usimpe hiyo, mwanangu. Imetoka humo humo."

"Mimi si mwanao." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma alama ya barabarani. "Sikujui. Nimekuona leo, na neno la kwanza kukusikia ni kwamba umeua mtu. Kwa nini nikusikilize?"

Lilikuwa swali la haki. Mama Pasi hakuwa na shahidi, wala cheti, wala jina zuri katika nyumba ile. Alimtazama mjukuu wake, kwa mara ya kwanza vizuri. Nyusi za Redio, tena. Midomo iliyopauka. Na mkono mdogo uliojikunja juu ya tumbo, mahali pale pale mumewe alipokuwa akiweka wake.

"Tumbo linamkata," alisema kwa utulivu. "Hapa, kitovuni. Linakuja, linaondoka, unadhani amepona. Choo kinamsumbua. Chakula anasukuma sahani, hata kile alichokuwa anakipenda. Na zamani alikuwa halii ovyo. Siku hizi analia, na wewe unajiambia ni meno."

Kifuniko kilikuwa nusu kimefunguka. Mkono wa mwanamke ukasimama.

Alimtazama mumewe, aliyekuwa amewapa mgongo na simu sikioni. Akamtazama bibi huyu mgeni mwenye kiganja kilicholegea. Kisha akaiweka chupa mezani, mbali, mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia.

"Hilo sijamwambia mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Hata baba yake."

Na nyuma yao, simu ya kijana ikapokelewa.